Juzuu ya Tatu Iko kwa Mtu

Mpwa wangu aliponipigia simu kuniomba nimpeleke maktaba Jumamosi kwa sababu "manga zangu zimefika, Mjomba," akili yangu ilikwenda jikoni. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu Manga ni Uarabuni, Wamanga ni wale waliokuja na majahazi ya kaskazi, na neno lenyewe limebaki kwenye pilipili manga ya pilau na kwenye komamanga. Nikajiuliza ni maktaba gani hii ya Toronto inayogawa viungo. Tulipofika akatoa kadi yake, akaenda kwenye rafu ya vitabu vilivyowekewa watu, akarudi na vitabu saba vya picha, kurasa zote nyeusi na nyeupe, akanipa nibebe.

Basi hiyo ndiyo manga: hadithi za picha za Wajapani. Neno lao halina undugu na letu. Wanaliandika kwa herufi mbili zinazokaribia kusema picha zinazochorwa mkono uendapo, na Hokusai, yule mchoraji wa mawimbi, aliliweka juu ya madaftari yake ya michoro ambayo juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1814: watu wanaooga, wapiga mieleka, samaki, ndege, mizimu.

Vibonzo sikuvianzia ukubwani. Utotoni tulinyang'anyana jarida la Sani kwa kinyozi. Kipepe, Lodi Lofa, Madenge na Ndumilakuwili tuliwajua kuliko tulivyowajua majirani, na mkono wa mchoraji Philip Ndunguru tuliutambua kabla hatujaweza kusoma jina lake. Lakini hatukuwahi kujiuliza kazi ile inafanywaje. Tulicheka, tukageuza ukurasa, tukampa anayefuata. Maktaba ya mkoa pale Tanga, kwenye jengo lililopewa jina la Mfalme George wa Sita, ilikuwa mahali pa kufanyia mtihani. Hakuna aliyekwenda pale kuazima kichekesho.

Usiku ule, mama yake akiwa kazini, tulikaa mezani na vitabu saba kati yetu. Nikachukua cha juu, nikakiweka magotini, nikakifungua kutoka kulia. Mpwa wangu akaacha kula.

"Mjomba, nani kakufundisha? Shuleni wote wanaanzia mwisho."

Nikamwambia maalim wa chuoni, na bakora yake. Mtu aliyeanza kusoma kwa Juzuu Amma haelekezwi kitabu kinachotembea kutoka kulia kwenda kushoto. Mkono unajua wenyewe. Kilichonichanganya kilikuwa kitu kingine. Tafsiri ni ya Kiingereza, kwa hiyo ndani ya kiputo maneno yanakwenda kulia, ila viputo vyenyewe vinafuatana kwenda kushoto. Jicho linakwenda na kurudi kama shatili ya cherehani. Baada ya kurasa kumi unasahau.

Zamani wachapishaji wa Marekani waliona wasomaji wao hawataweza, wakawa wanageuza kila ukurasa kama kwenye kioo. Matokeo yake shujaa anayepigana kwa mkono wa kulia alishika upanga kwa kushoto. Hilo dogo. Kimono huvaliwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovishwa maiti. Kwa hiyo vitabu vile viliwavalisha watu wazima na afya zao nguo za kuzikiwa, na hakuna aliyeshtuka isipokuwa Wajapani wenyewe. Mwaka 2002 kampuni ya Tokyopop ilianza kuuza manga kwa wingi bila kuzigeuza, wengine wakafuata, na watoto wa Marekani na Kanada wakazoea kwa siku moja.

Kitabu kilichokuwa magotini mwangu ni juzuu ya kwanza ya A Bride's Story ya Kaoru Mori, aliyoanza kuichora mwaka 2008. Mahali ni Asia ya Kati, upande wa Bahari ya Kaspi, karne ya 19. Amir, binti wa miaka 20 wa ukoo wa wafugaji, ameolewa na Karluk, mvulana wa miaka 12. Najua umekunja uso, nami nilikunja. Mori haiharakishi ndoa ile hata kidogo. Anamwacha binti amlishe mvulana, amwindie sungura kwa upinde akiwa juu ya farasi, na kurasa zake nyingi anazitumia kwa mambo mengine: mikate, mazulia, mahema, mbuzi, nguzo za mbao.

Nguzo ndizo zilizonishika. Kuna sura ambayo mtoto mdogo wa nyumba ile, Rostem, anatoroka kazi alizotumwa ili akachutame kando ya mzee fundi wa nakshi. Basi, ndiyo hadithi nzima. Mzee ana patasi, mtoto ana macho. Visanduku vinapokezana: ncha ya patasi, ubao, uso wa mtoto, tena ubao. Aliyewahi kupita Mji Mkongwe akamkuta fundi wa milango barazani anaijua hali ile. Unajiambia utaangalia dakika moja tu, kisha unasikia adhana ya alasiri na hujui umesimama hapo tangu lini.

Niliisoma sura ile mara moja kwa ajili ya hadithi. Siku ya pili nikairudia, na hapo ndipo kitu kikanigonga: mzee wa kwenye kitabu anaichonga nguzo mara moja tu. Mori anaichonga kila inapoonekana. Nguzo ikitazamwa kwa mbali, kwa karibu, kutoka chini, ikiwa nusu gizani, kila mara ua lilelile, jani lilelile, mnyororo uleule lazima uchorwe upya kwa kalamu, na ukae mahali pake. Na hiyo ni nguzo, haitembei. Nguo za Amir zimedariziwa kifuani, mikononi na kwenye pindo, naye hatulii: anapanda farasi, anainama kisimani, anavuta upinde. Kila kisanduku kina darizi yake.

Lazima niseme kwa nini jambo hili linanihusu. Bibi yangu alikuwa mshona kofia. Si kofia za mashine; zile za mkono, zinazochorwa kwa penseli kwanza, kisha ua linatokezwa kwa sindano na uzi, tundu kwa tundu, kila tundu likizungushiwa uzi mpaka likaze kama jicho la nyavu. Kofia moja ilimchukua miezi. Nilijua kutunga uzi kwenye sindano kabla sijajua kuandika jina langu, maana macho yake yalikuwa yamechoka na yangu yalikuwa mapya. Alipoletewa kofia ya mtu mwingine aitazame, hakuitazama juu. Aliigeuza nje ndani. Akikuta mafundo na nyuzi zinazoruka kutoka ua hadi ua, aliirudisha kimya kimya na kusema, "Nzuri, mwanangu," kwa sauti ambayo kila mtu aliielewa.

Basi nikaanza kuzigeuza manga nje ndani. Ukurasa hauna nyuma, lakini una pembe: sehemu ambazo macho ya msomaji mwenye haraka hayapiti. Mkono wa nguo unapokunjwa kwenye kiwiko, mchoraji wa kubahatisha huliacha ua likae bapa, kama limegandishwa juu ya kitambaa. Mori analizamisha ua ndani ya mkunjo na kulitoa upande wa pili likiwa limepinda. Nilitafuta pembe aliyoilaza. Nilitafuta kwa wiki nzima, kwa nia mbaya kabisa, kama fundi anayemchunguza fundi mwenzake. Kisanduku kimoja kisichozidi kiberiti kina zulia limetandikwa chini ya miguu ya watu wanaokula, na nilipojaribu kuhesabu mistari yake nilipoteza hesabu kabla sijamaliza pembe moja.

Katika juzuu ya pili kuna sura ya kuandaa nguo za harusi. Bibi wa familia anamfungulia mtoto wa kike, Tileke, vitambaa vya ukoo na kumweleza nani alidarizi kipi, na alikuwa mtu wa namna gani. Tileke mwenyewe hataki maua. Anapenda mwewe, anadarizi mwewe. Nilicheka peke yangu. Bibi yangu naye alikuwa na kiua chake kimoja chenye ncha sita alichokipenyeza katika kila kofia, hata mteja asipokiagiza, na akiulizwa alisema, "Hicho changu, hukilipii."

Niliwahi kumwuliza mpwa wangu kwa nini vitabu hivi havina rangi. Wajapani wameshindwa kununua wino? Akanieleza kama mwalimu. Manga hutoka kwanza kwenye majarida mazito ya bei rahisi, yanayochapwa kwa wino mmoja juu ya karatasi hafifu. Wino ni mweusi, karatasi ni nyeupe, na katikati hakuna kitu. Kijivu unachokiona ni nukta nyeusi ndogo sana zilizopangwa kwa nafasi, na jicho lako ndilo linalozichanganya. Kwa miaka mingi wachoraji walinunua karatasi laini zenye nukta na gundi nyuma. Ukizibandika juu ya mchoro, unakata kwa wembe kufuata umbo, unabandua zilizobaki, na ukitaka wingu unazikwangua pembeni mpaka ziyeyuke. Siku hizi wengi wanafanya hivyo kwa kompyuta. Mori anazitumia kwa uchache sana. Kivuli chake anakijenga kwa mistari ya kalamu, mstari kando ya mstari, na pale panapotaka giza zaidi anapitisha mistari mingine juu yake.

Kalamu yenyewe ni nibu, ile ya kuchovya ambayo wazee wetu walisomea, imechomekwa kwenye mpini. Wanayoipenda zaidi wachoraji wa manga wanaiita nibu ya G. Ncha yake imepasuliwa katikati: ukiikandamiza inajipanua na mstari unanenepa, ukiinyanyua unakonda mpaka unakuwa kama unywele. Mstari mmoja wa shavu unaweza kuanza mwembamba kwenye sikio, ukajaa kidevuni, ukakonda tena, bila kalamu kuinuliwa. Wanachora kwenye karatasi kubwa, karibu sentimita 26 kwa 36, kisha kitabuni picha inapunguzwa. Maana yake mstari uliouona mwembamba kitabuni ulikuwa mnene kidogo mezani, na mchoraji lazima ajue tangu mwanzo kipi kitapotea njiani.

Mpwa wangu alijinunulia nibu mbili, mpini na chupa ya wino kwa pesa ya sikukuu. Tukatandika magazeti mezani. Alitaka kuanza na farasi. Nikamwambia aanze na mistari kumi iliyonyooka, yenye nafasi sawa, kama nilivyoanzishwa mimi kwa kushona pindo la leso. Mstari wa kwanza ulitoka mzuri. Wa pili nibu ilikwama kwenye karatasi, ikaruka, ikatema wino mpaka kwenye sukari. Wa tatu aliugusa kwa kiganja kabla haujakauka. Kufikia wa saba alikuwa amenyamaza, ulimi nje, uso umekaribia meza, na nikajua kwamba leo hatasema tena "ni katuni tu, Mjomba." Nami nikajaribu. Yangu ilitetemeka yote. Sindano ina kitambaa cha kuishika; wino hauna cha kuushika isipokuwa pumzi yako.

Kuazima kwenyewe ni jambo la kale kwa manga. Baada ya vita kuu ya pili, Wajapani wengi hawakuwa na pesa ya kununua vitabu, na mijini kulijaa vibanda vya kukodisha. Mtoto au kijana wa kiwandani alilipa yen chache, akaondoka na kitabu, akakirudisha. Kulikuwa na wachapishaji waliotengeneza vitabu kwa ajili ya vibanda hivyo tu, na wachoraji waliokula kwa vibanda hivyo tu, kwa malipo ya kusikitisha. Huko ndiko Yoshihiro Tatsumi na wenzake walikoanza kuchora hadithi nzito za watu wazima, wezi, walevi, watu waliokosa usingizi, na mwaka 1957 akaipa kazi hiyo jina lake, gekiga, ili mtu asidhani ni vichekesho vya watoto.

Huko pia ndiko alikopikika Shigeru Mizuki. Huyu alipelekwa vitani Rabaul, katika nchi ambayo leo ni Papua New Guinea, akarudi kwao bila mkono wa kushoto. Chukua karatasi, jaribu kuchora bila kuishika kwa mkono wa pili, uone inavyokimbia. Mizuki alichora hivyo mpaka uzee wake. Alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 93. Anajulikana zaidi kwa Kitaro, mtoto wa mizimu mwenye jicho moja, ambaye baba yake amebaki jicho tupu lenye mikono na miguu. Watu wake anawachora kwa urahisi, karibu kwa dharau, pua kama viazi na macho kama vifungo. Kisha nyuma yao anaweka msitu, na msitu ule una kila jani, kila gome, kila nukta ya kuvu. Vichekesho mbele, hofu nyuma. Mtu wa pwani aliyekua akitishwa na vibwengo haulizi kwa nini: chenye kutisha si kibwengo mwenyewe, ni mkoko anaotokea. Historia yake ya Japani ya karne ya 20, Showa, imetafsiriwa na kuchapishwa na Drawn & Quarterly wa Montreal katika juzuu nne nene, na maktaba yetu inazo zote. Nilizibeba kwa mikono miwili.

Sasa niseme juu ya mtu ambaye mpwa wangu hampendi. Jiro Taniguchi alizaliwa Tottori mwaka 1947 na kufariki mwaka 2017. Kitabu chake The Walking Man, kilichotoka sura kwa sura mwanzoni mwa miaka ya 1990, kinamhusu mwanamume mwenye miwani anayetembea mtaani kwake. Anatembea. Mvua inanyesha, anatembea. Anapanda mti. Usiku mmoja anaruka uzio wa bwawa la kuogelea na kuogelea peke yake. Mpwa wangu alikirudisha baada ya robo saa: "Mjomba, hakuna kinachotokea." Ni kweli. Mimi nilikirudia mara nne.

Ufundi wa Taniguchi uko kwenye mwanya kati ya kisanduku na kisanduku, ile njia nyembamba nyeupe isiyochorwa kitu. Msomaji ndiye anayeijaza. Wachoraji wengi huvuka mwanya ule kwa tendo: hapa ngumi imeinuliwa, pale mtu ameanguka. Scott McCloud, Mmarekani aliyeandika kitabu kizima cha kueleza mambo haya mwaka 1993, alionyesha kwamba Wajapani hupenda pia kuvuka bila tendo: hapa paa, hapa waya wa umeme, hapa mguu umesimama, hapa wingu. Saa haijasogea. Ni macho tu yanayozunguka mahali. Taniguchi anachora vigae vya paa kimoja kimoja, uzio, chungu cha maua cha jirani, kwa mstari mwembamba usiopandisha sauti, na wewe bila kujua unapunguza mwendo mpaka unatembea kwa hatua za yule bwana. Ukijaribu kusoma haraka kitabu kinakuwa tupu mikononi mwako. Mpwa wangu alikisoma haraka.

Kuna jambo hapa ambalo Mswahili analifaidi kuliko Mwingereza. Wajapani wana tanakali nyingi kama sisi, na manga huziandika waziwazi ndani ya picha, kwa herufi kubwa zinazochorwa kama sehemu ya mchoro: mvua ina yake, hatua ina yake, moyo una yake. Na wana moja ninayoipenda kupita zote, shiin, ambayo ni sauti ya kimya. Chumba kitupu, watu wamenyamaza, na juu yao imeandikwa shiin. Watafsiri wa Kiingereza wanahangaika nayo. Mara waandike "kimya" kama neno la kamusi, mara waiache. Sisi tunayo tayari: jii. Kimya jii. Mtu anatumbukia bwawani usiku, chubwi, kisha jii. Nilipokuwa nasoma nilijikuta nazitia mwenyewe kwa Kiswahili, kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa: kalowa chepechepe, kalala fofofo, theluji nyeupe pe. Mpwa wangu, aliyezaliwa huku, alisikia kutoka sebuleni akaja kusimama mlangoni. Chepechepe aliijua kwa mama yake. Fofofo pia. Chubwi hakuwahi kuisikia, akaniomba niirudie, na sasa anaitumia hata pale isipofaa, akitumbukiza kijiko kwenye chai.

Sitaki kuifanya kazi hii ionekane pepo. Jarida la kila wiki hutaka kurasa kama 19 kila wiki, mwaka mzima, na mchoraji huajiri wasaidizi wa kujaza mandhari na kukata nukta, na bado halali. Osamu Tezuka, ambaye wengi wa wachoraji hawa ni wajukuu wake kwa namna moja au nyingine, alifariki mwaka 1989 akiwa na miaka 60. Kentaro Miura, ambaye silaha na majumba ya hadithi yake Berserk aliyachora kwa uvumilivu unaokaribia wa Mori, alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 54, hadithi haijaisha baada ya miaka zaidi ya 30. Mtu akiniambia kasi ile ndiyo inayozaa ubora, simwamini. Jarida la Mori halitoki kila wiki, na inaonekana. Mwishoni mwa juzuu zake huwa anajichora mwenyewe, kichekesho, akieleza kwa shangwe jinsi anavyofurahia kuchora mazulia na mbuzi. Bibi pia hakushona kofia ya haraka. Mwenye haraka alielekezwa dukani.

Vitabu vya maktaba navyo vina upande wao wa ndani. Juzuu ya pili ya kwetu imebandikwa utepe mpana usioonekana kwenye uti, kazi safi, pembe zimekunjwa bila kiputo cha hewa hata kimoja. Kuna mtu nyuma ya ile kaunta anayejua kazi yake. Kwenye sura ya darizi kuna doa la duara, chai au kahawa, na mtu amelizungushia penseli na kuandika samahani. Nani alikuwa akinywa nini akiangalia mwewe wa Tileke, sijui, lakini alikaa pale muda mrefu kuliko alivyopanga.

Juzuu ya nne nimeisoma kabla ya tatu kwa sababu ya tatu haikuwepo. Humo kuna Laila na Leily, mapacha watundu wa kijiji cha wavuvi kwenye Bahari ya Aral, na Mori amechora nyavu, mashua na samaki kwa uangalifu uleule. Bahari ile leo sehemu yake kubwa ni nchi kavu. Mtu wa Tanga akiona nyavu zilizochorwa vizuri namna ile kwenye maji yasiyokuwapo tena, anakaa nazo kidogo.

Juzuu ya pili na ya nne zinatakiwa kurudi Jumanne. Ya tatu bado iko kwa mtu, na mimi ni wa nne kwenye foleni. Kama uko Toronto na ni wewe uliye nayo, isome taratibu, una haki ya wiki zako tatu. Ila chai iweke mbali.